Siku Sita Mbali na Zizi

Roubaix, 7 Februari 1988

Kwako dada yangu Huguette,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mimi mzima, ila goti linanisumbua kwenye ngazi. Lakini goti hili limesimama kantini miaka yote hiyo, lina haki ya kulalamika. Wewe hujambo? Shemeji Fernand naye? Mama mkwe wako bado anatawala kutoka kwenye kiti chake? Msalimie, hata kama hataki salamu zangu.

Dada, nimestaafu! Siku ya mwisho wasichana wa kiwandani waliniimbia, nikalia juu ya sufuria la supu, na hakuna aliyesema supu imezidi chumvi. Sasa nakaa nyumbani natazamana na paka. Nimewaza, mimi na wewe tumekutana lini mara ya mwisho bila jeneza katikati yetu? Mazishi ya baba, mazishi ya mama, mazishi ya marehemu mume wangu, yote huko kwetu mlimani, nawe jioni ileile ukarudi zizini. Tumekuwa watu wa kukutana makaburini, na nakuapia, mazishi yanayofuata yatakuwa ya mmoja wetu.

Basi sikiliza. Twende Lyon. Siku sita tu, mwezi wa sita. Kutoka kwako si mbali, na kutoka kwangu treni ni moja. Najua utasema Lyon ni ya wenye nazo. Thubutu! Mimi nimewalisha watu mia nne kila siku kwa bei ya kicheko, nitashindwa kutulisha wawili? Siri ni mchana. Mchana mkahawa uleule unaowakamua matajiri jioni huwapikia mafundi na madereva: kianzio, chakula chenyewe, jibini, kitamu, na divai juu. Jioni tutakula mkate na nyanya chumbani kama wanafunzi. Kulala tutalala kwa masista, juu mlimani, vitanda viwili na dirisha linalotazama mji mzima. Ukiosha sahani yako mwenyewe wanakutoza kidogo tu.

Usiseme hapana kabla hujasema ndiyo.

Mdogo wako,
Josiane


Les Fayettes, 24 Februari 1988

Mdogo wangu Josiane,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Fernand anakohoa, ni moshi wa sigara wala si baridi kama anavyosema. Mama mkwe yupo. Theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wa zizi. Pole kwa goti, lipake mafuta ya kafuri.

Hongera kwa kustaafu. Kuhusu Lyon, jibu unalijua, sijui kwa nini umepoteza stempu. Mdogo wangu, umesahau ng'ombe wetu walivyo? Hawa si wale weusi kwa weupe wa huko kwenu wanaokamuliwa na mashine kama mabomba. Hawa wekundu wa mlimani hawaachii maziwa mpaka ndama wa kila mmoja aje anyonye kwanza. Namwita ndama kwa jina, anatoka bandani mbio, ananyonya kidogo, namfunga kwenye mguu wa mbele wa mamake, namwaga chumvi mgongoni mwake ili mama amlambe atulie, ndipo nakaa nikamue. Asubuhi na jioni. Wananijua sauti, wananijua mkono. Akija mgeni wanazuia maziwa, na maziwa yakizuiwa kiwele huharibika. Wewe mwenyewe ulijaribu mwaka ule ukapigwa teke mpaka kwenye mfereji wa mavi, au umesahau hilo pia?

Nilipokwenda hospitali ya Saint-Flour kumzaa Lucien, niliporudi walinionyesha ndoo. Tone la chini tu. Mama mkwe alisema ng'ombe wawili nusura wakauke maziwa kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo sijalala nje, na Lucien sasa ana watoto.

Fernand yeye ni wa jibini. Maziwa yakifika kwenye pipa ndipo kazi yake inaanza.

Kwa hiyo nenda wewe, ule kwa niaba yangu. Hayo madonge ya samaki wa mtoni wanayosema wanapika Lyon, ni kweli yanavimba kwenye mchuzi kama mto wa kulalia? Uniandikie.

Usinipigie simu. Simu iko kwenye ushoroba, pembeni ya kiti cha mama mkwe, na masikio yake hayajastaafu.

Dada yako,
Huguette


Roubaix, 8 Machi 1988

Kwako dada mpenzi,

Salamu. Sisi wazima, mimi na paka. Kafuri nimepaka, sasa nanuka kabati la bibi.

Madonge yanavimba, ndiyo. Yanaingia kwenye oveni kama kidole, yanatoka kama mkono wa mtoto mnene. Na kuna maziwa ya mgando yenye kitunguu saumu na majani, wafumaji wa hariri walikuwa wanakula hayo kwa kukosa nyama. Na tati, ile keki bapa ya lozi za sukari nyekundu, nyekundu kweli, kama mdomo wa mwanamke asiyetulia. Umeona? Umeuliza! Mtu asiyetaka kwenda haulizi habari za mchuzi.

Na si kula tu. Makumbusho ya picha tutaingia Jumatano, maana Jumanne yanafungwa, usije ukafikiri sijafanya kazi. Kuna ukumbi wa Warumi uko wazi kilimani, unakaa juu ya mawe bure unatazama jua. Kuna vichochoro vinavyopita ndani ya nyumba za watu, unaingia mlango wa mtaa huu unatokea mtaa mwingine, wafumaji walipitisha hariri humo isilowe mvua. Kuna vikaragosi vinavyomtukana polisi. Wewe utotoni ndiye uliyekuwa unataka kuona mambo, siyo mimi. Wewe ndiye uliyemsumbua baba, enzi zake za kazi ya reli, akupeleke kwenye kanisa la kila mji ambao treni yake ilisimama. Mimi nilikuwa nataka keki tu.

Sasa kuhusu ng'ombe. Mwenzangu mmoja kantini, kaka yake ni mfugaji huko Jura. Anasema kipo chama cha wafugaji kinachotoa washika zamu. Unapiga simu, wanakuletea mtu aliyesomea kazi, anakamua, anasafisha, wewe unakwenda zako. Kipo kila wilaya, hata kwenu. Fernand hajakuambia? Ajabu. Maana lazima anakilipia ada kila mwaka kama wenzake.

Muulize. Muulize ukimtazama machoni.

Mdogo wako mwenye harufu ya kafuri,
Josiane


Les Fayettes, 3 Aprili 1988, Pasaka

Mdogo wangu,

Heri ya Pasaka. Nisamehe kwa kukawia. Ndama wanazaliwa, mikono yangu haina ngozi. Tuko salama, mama mkwe amepata mafua akapona, wewe endelea na dawa.

Nimemuuliza. Nilingoja amalize kula. Akasema chama kipo, ndiyo, ila ni cha wagonjwa na waliovunjika miguu. Nikamwambia Josiane anasema hata mapumziko. Akatabasamu. Fernand hapigi kelele, unamjua, ingekuwa rahisi kama angepiga kelele. Akasema, "Nenda tu mke wangu, nani amekukataza? Ila maziwa yakikata, jibini la mwaka mzima limekwenda, usije ukalia." Kisha akanikatia kipande kikubwa cha nyama akaniwekea sahanini.

Mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake, "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Maana yake kazi yangu ni mwili wangu, niache kulalamika.

Josiane, nikwambie ukweli. Usiku huo nilikasirika. Asubuhi nikaenda zizini, nikamwita ndama wa ng'ombe wangu Marquise, akaja mbio ananigonga magotini, nikasahau hasira. Ndivyo inavyokuwa. Kila nikijipanga kuondoka, kuna kitu kinanihitaji saa ileile. Nikitazama dirisha la jikoni naona mlima, nyuma ya mlima najua kuna barabara, na barabara hiyo sijui inanuka vipi asubuhi, maana asubuhi zote niko chini ya tumbo la ng'ombe.

Hata hivyo nimepiga simu. Fernand alikuwa sokoni, mama mkwe amelala, au alijifanya. Wataniletea mshika zamu kwa majaribio ya siku mbili, mwezi wa tano. Nikiwa hapahapa. Maziwa yakikata, nisikusikie tena na Lyon yako.

Dada yako,
Huguette


Roubaix, 10 Aprili 1988

Dada!

Salamu fupi maana furaha imenikaba. Masista nimewaandikia, wamejibu, chumba ni chetu, Jumatatu tarehe 6 Juni mpaka Jumamosi. Nimewapelekea malipo ya mwanzo. Sista Mkuu ameuliza kama tunakoroma.

Ila kwa mama mkwe wako nina jibu, na umpe kama lilivyo. Ni kweli, ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini ile nundu ni ya Fernand, wewe umebebeshwa tu. Na nitakuambia wewe ni nani katika zizi lile, dada, usikasirike. Wewe ndiye yule ndama. Umefungwa kwenye mguu wa mbele, unasikia harufu ya maziwa, umemwagiwa chumvi kidogo mgongoni ili wakulambe utulie, na maziwa wanakunywa wengine. Kile kipande kikubwa cha nyama ndiyo hiyo chumvi.

Nakungoja stesheni ya Lyon.

Josiane


Roubaix, 1 Mei 1988

Kwako dada Huguette,

Natumaini mu wazima nyote. Sijapata jibu lako. Huenda posta.


Roubaix, 15 Mei 1988

Dada yangu,

Si posta. Najua si posta.

Nisamehe. Mdomo wangu umezoea kupiga kelele juu ya masufuria ya watu mia nne, haujui kusema na mtu mmoja. Sikuwa na haki ya kukuita vile. Mimi najifanya shujaa kwa kuwa sina wa kunizuia. Mume kafa, mtoto sikujaliwa, paka anajifungulia mwenyewe dirisha. Nikitaka kwenda Lyon nakwenda, na nikirudi hakuna atakayejua kama nimerudi. Hicho nacho ni kifungo, sema tu hakina mlinzi.

Ukiwa huwezi kuja, niandikie huwezi. Nitawaambia masista. Lakini usininyamazie, dada, tumebaki wawili.

Mdogo wako,
Josiane


Les Fayettes, 22 Mei 1988

Mdogo wangu Josiane,

Sote wazima wa mwili. Yamekwisha, usirudie kuomba msamaha. Barua yako ya ndama niliitupa kwenye jiko, kisha nikawa naisikia kila nikimwaga chumvi. Ndiyo maana nilinyamaza.

Mshika zamu alikuja Alhamisi. Nilitegemea mwanamume, akashuka msichana, anaitwa Corinne, suruali ya bluu, kofia ya sufu, mikono mifupi. Nikasema moyoni, huyu watamrusha mpaka Aurillac. Na nikwambie uovu wangu: sikumwambia majina ya ndama. Hata moja. Alipouliza, "Mama, huyu wa kwanza anaitwaje?" nikajifanya nimeitwa ndani.

Nikasimama nyuma ya mlango wa zizi nikisikiliza. Nilikuwa nangoja teke, Josiane. Nilikuwa nalitaka hilo teke.

Nikasikia anafungua banda, anatoa ndama mmoja mmoja, kimya, wala hawaiti. Kila ndama akaenda moja kwa moja kwa mamake. Akanyonya, akafungwa, chumvi ikamwagwa. Halafu nikasikia maziwa yanapiga ndoo. Kwanza kwa sauti ya bati, kisha ile sauti nzito ya ndoo inayojaa. Marquise ambaye kwangu huringa, kwake alisimama kama sista kanisani.

Alipotoka nikamuuliza, "Umewaitaje?" Akacheka. "Mama, ndama anamjua mamake. Mimi wa nini?"

Ndoo zilikuwa zimejaa, si pungufu ya zangu. Jioni hivyohivyo. Ijumaa hivyohivyo. Fernand alizitazama zile ndoo, akazipeleka kwenye pipa.

Nikaenda jikoni nikakaa. Nililia kwa hasira, nikalia kwa aibu, sikujua kipi ni kipi. Maisha yangu yote nimejua kitu kimoja, kwamba bila mimi maziwa hayatoki. Nilikichukia na nilijivunia. Sasa nimenyang'anywa vyote viwili na mtoto wa watu mwenye kofia ya sufu.

Mama mkwe akaniita. Nikadhani anataka chai. Akasema, "Acha kulia kama mtu aliyefiwa. Ulipokwenda kumzaa Lucien walikamuliwa na jirani Anselme. Mimi nilikuwa na homa kitandani. Hakujua jina la hata mmoja. Ndoo zilijaa."

Nikamwambia, "Mlinionyesha ndoo tupu."

"Mimi ndiye niliyezimwaga," akasema. "Yaani hizo za siku uliyorudi, homa ilikuwa imeshanitoka. Nguruwe walikunywa."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema bila kupepesa macho, "Kwa sababu mama wa mume wangu alinionyesha mimi ndoo tupu. Nikaamini mpaka nimezeeka. Nilipoujua ukweli siku zile za Anselme nikasema, kama mimi sikwenda popote, wewe uende wapi? Mwanamke akilala nje siku chache anarudi na mawazo, au harudi. Fernand alikuwa anajua. Alikuwa anaogopa, na woga wake aliurithi kwangu."

Kisha akaomba chai kweli.

Sasa utasema, haya dada, mlango uko wazi, njoo. Usiseme. Zamani nilijua kinachonizuia, ningeweza kukuchorea, kina pembe na mkia. Sasa hakuna kitu, na bado miguu haiendi. Nimefungua sanduku la nguo, nikalifunga. Sina nguo isiyonuka zizi ila ya mazishi. Sijui kuagiza chakula. Nikiulizwa nataka nini, nitasema nini? Fernand amekuwa mpole mno, jana ameosha vyombo. Naogopa upole wake, naogopa Lyon yako, namwogopa hata yule sista wa kukoroma.

Usiningoje stesheni. Nenda kwa masista ule, upumzike. Nikija nimekuja.

Dada yako,
Huguette


Roubaix, 27 Mei 1988

Dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikasahau jiko, viazi vimeungua.

Sikushauri kitu. Umeshauriwa vya kutosha na watu wenye ndoo. Nitakuwa Lyon Jumatatu jioni na nitaingoja kila treni kutoka Clermont, kwa kuwa sina shughuli nyingine na benchi la stesheni halilipiwi. Kama hukushuka, nitapanda mlimani nikakorome peke yangu, na hutasikia lawama kwangu, si mwaka huu wala kaburini.

Mdogo wako akupendaye,
Josiane


Stesheni ya Clermont, Jumatatu 6 Juni 1988

Mdogo wangu Josiane,

Najua barua hii itafika Roubaix wakati hupo. Itakungoja mlangoni na paka. Naandika kwa sababu treni ya Lyon bado, na mikono yangu haijawahi kukaa bila kazi muda huu wote, inatafuta ndoo nisipoipa kalamu. Nimenunua kahawa. Mhudumu aliniuliza, "Na nini tena, mama?" nikakosa jibu, akaniletea keki kwa huruma yake. Nimeila.

Nikusimulie asubuhi, kisha niipeleke posta.

Corinne, niliyemwomba tena kwenye chama, alifika alfajiri akaingia zizini. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la mazishi ya mama, ndilo pekee lisilonuka. Fernand akaja jikoni, akasema gari halina nguvu, betri imekufa. Nikakaa. Josiane, nakuambia ukweli, niliposikia betri imekufa nilishusha pumzi. Nikaanza kuvua viatu. Kiatu kimoja kilikuwa tayari kimetoka.

Mama mkwe hajainuka peke yake kwenye kile kiti tangu Krismasi. Aliinuka. Akashika meza, akashika mlango, akafika alipokuwa mwanawe, akamwambia, "Fernand, betri iko chini ya kitanda chako, nimekusikia ukiiburuta. Irudishe umpeleke. Mimi hakuna aliyenipeleka."

Fernand akawa mwekundu mpaka shingoni, mwanamume wa miaka sitini. Akaenda kuileta. Mimi nikabaki na kiatu mkononi. Nikataka kumshukuru mama mkwe, akanikatiza. "Vaa kiatu. Na usiniletee zawadi, nitaichukia."

Barabara asubuhi inanuka nyasi zilizokatwa, basi, sasa najua.

Tulipofika stesheni ya Murat treni ilikuwa imeshasimama. Nilipanda, nikafungua dirisha kwa sababu ndivyo nilivyoona wengine wakifanya. Yeye alibaki chini, kofia mkononi. Nilidhani atanieleza ya ndoo, atajitetea, nilikuwa nimeyaandaa maneno makali njia nzima. Hakusema ya ndoo. Treni ikaanza kutembea, naye akatembea pembeni yake, kisha akaharakisha, akaniuliza, "Huguette, utarudi?"

Miaka yote hiyo nimeolewa, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, maana hakuna aliyewahi kuniona nikiondoka. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ndiyo ndilo neno nililozoea kumpa, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamtazama anavyokimbia na kikohozi chake, nikamhurumia, nakuapia nilimhurumia. Lakini neno halikutoka.

Nikamwambia, "Nitakuandikia."

Treni ya Lyon wameitangaza. Naja.

Dada yako,
Huguette